Tone kwa tone Misisi: kabla ya kuomba tiyo, ulizia maji na shamba

Tangu kipindi chetu cha kilimo kipite hewani, simu ya redio haijapumzika. Kutoka hapa Misisi, kutoka Lulimba, hata kutoka Baraka, wasikilizaji wanauliza jambo moja: zile tiyo nyembamba zinazoachia maji tone kwa tone ni kitu gani hasa? Na ni kweli zinaweza kuivisha nyanya wakati wa kiangazi bila motopompe wala mazutu?

Nawajibu kwa maandishi kwa sababu siku ile mawimbi yalikatika mara mbili, na wengi mulisikia nusu. Mwenye simu amsomee jirani asiye nayo, hasa ndugu zetu wahami ambao redio zao zilibaki kule walikokimbia.

Naandika kama mwandishi wa habari, lakini pia kama mtu wa nyumba ambamo maji yanabebwa kichwani. Shangazi yangu, dada ya baba, anaishi kwetu pamoja na watoto wake wanne. Walishuka kutoka milima mirefu upande wa Itombwe, ambako vita vilizidi tangu mwaka 2019 na kumaliza vijiji vingi. Alikuja na jembe moja, sufuria mbili na mbegu za lengalenga alizozifunga kwenye ncha ya kikwembe. Kiangazi kilichopita alilima bustani kwa njia hii ya matone, na mimi nilikuwa msaidizi wake wa jioni. Ninayoyasema hapa mengi nimeyaona kwake, mengine nimeyasoma na kuyauliza kwa wenye ujuzi.

Kwa nini mboga ni ghali kwetu

Misisi ni mji wa dhahabu. Watu wanakuja kwa ajili ya Akyanga na mashimo mengine, na anayeshinda shimoni halimi, ananunua. Ndiyo maana fungu la mboga linaweza kuuzwa hapa kwa bei inayomshangaza mtu wa Baraka. Wakati wa mvua mboga zinaota vizuri, lakini barabara inaharibika na malori yanazama kwenye matope. Kiangazi kinapofika, kuanzia mwezi wa sita hadi mwezi wa nane na zaidi, barabara inapitika lakini bustani zinakauka. Kwa hiyo mwenye nyanya mbichi katika mwezi wa nane ni kama mwenye duka peke yake sokoni.

Kila mama analijua hilo. Kinachomzuia si uvivu, ni maji. Bidoni moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Bustani ya kutosha kulisha nyumba na kuuza kidogo inaweza kunywa mabidoni kumi kwa siku katika jua la mwezi wa saba. Hiyo ni kilo 200 kila siku, na shingo zinazozibeba ni za wamama na watoto wa kike. Mtoto aliyechota maji tangu alfajiri anafika darasani akisinzia, kama anafika.

Inavyofanya kazi

Umwagiliaji wa matone wenye msukumo mdogo ni kitu rahisi kuliko jina lake. Unaweka pipa au ndoo juu ya meza ya miti, mita moja hivi kutoka ardhini. Chini ya pipa unafunga robine, kisha kichujio, kisha tiyo moja nene inayolala kwenye kichwa cha shamba. Kutoka kwenye tiyo hiyo zinatoka tiyo nyembamba zinazofuata mistari ya mimea. Tiyo hizo nyembamba zina matundu madogo, mara nyingi moja kila sentimita 30. Ukifungua robine, uzito wa maji wenyewe unayasukuma. Hakuna injini wala umeme.

Mita moja ya urefu ni msukumo mdogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya ule unaoutaka mfumo mkubwa wa mashamba ya matajiri. Ndiyo sababu shamba linapaswa kuwa tambarare, na tiyo nyembamba zisiwe ndefu kupita kiasi, mita 15 hivi kila moja. Ukizivuta mita 40, au ukizilaza zikipanda mlima, mimea ya mwanzo itakunywa na ya mwisho itakufa na kiu. Kwenye mteremko, laza mistari ikikata mlima kwa upana, isiupande.

Pipa la lita 200 linatosha kuhudumia tiyo nyembamba tano za mita 15. Pasipo na pipa, ndoo ya lita 20 inatosha kwa tiyo mbili, na hapo unaweza kupanda mboga za kula nyumbani. Watu wengi Afrika ya Mashariki walianzia kwenye ndoo. Kule Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa KARI ilieneza vifaa vya ndoo na vya pipa kwa wakulima wadogo tangu miaka ya 1990.

Asili yake ni mbali na kwetu. Inasimuliwa kwamba mhandisi mmoja wa Israeli, Simcha Blass, aliona mti mmoja umekua kuliko wenzake bila mtu kuumwagilia, akachimba, akakuta tiyo inavuja pale kwenye mizizi. Ilichukua miaka mingi, mpaka plastiki ilipoenea, ndipo mwaka 1965 kampuni ya Netafim ikaanzishwa kutengeneza tiyo za namna hiyo. Vifaa vya kwanza vilikuwa vya mashamba makubwa yenye pampu. Wazo la kushusha msukumo mpaka kwenye ndoo juu ya meza lilikuja baadaye, kwa ajili ya watu kama sisi.

Hesabu ya mabidoni

Mimi ni mmoja wa watoto wa Fizi waliovuka ziwa mwaka 1996 na kukulia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Tulirudi baada ya mwaka 2005, meli zilipoanza kurudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka. Kule kambini nilijua hesabu ya mabidoni kabla ya kujua hesabu ya ubao: nani ametangulia kwenye foleni, lita ngapi za kupikia, lita ngapi za kuoga, na kama yatabaki ya kumwagia sombe nyuma ya nyumba. Kwa hiyo niliposoma takwimu za umwagiliaji, nilizigeuza kwanza ziwe mabidoni.

Shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika mafunzo yake linahesabu hivi: ukimwagilia kwa mifereji, karibu asilimia 60 ya maji uliyoyapeleka shambani ndiyo yanayofaa mmea. Kwa matone ni karibu asilimia 90. Yaani, ili mabidoni tisa yafike kwenye mizizi, kwa mfereji utahitaji 15, kwa matone utahitaji 10. Safari tano umeokoa.

Lakini tuseme ukweli wote. Wamama wetu wengi hawatumii mifereji. Wanatumia kopo, wakimwagia kila shina kwa mkono, na mama mwenye bidii na kopo hapotezi maji mengi hivyo. Anachopoteza ni mgongo na saa. Kuinama kwenye mashina mia mbili asubuhi na tena jioni ni kazi ya siku nzima. Kwa pipa, unalijaza, unafungua robine, unakwenda sokoni au kwa wagonjwa, na kazi inaendelea bila wewe.

Kwa shangazi, safari za mtoni zilipungua kutoka 12 kwa siku hadi 8. Mtu wa mbali ataona tofauti ni ndogo. Binti yake mkubwa haioni ndogo, maana zile safari nne ndizo zilizokuwa zinamchelewesha shule.

Kuna faida nyingine ambazo watu hawazitaji. Maji yakiingia kwenye shina peke yake, majani ya nyanya yanabaki makavu, na ugonjwa wa ukungu unapungua. Katikati ya mistari udongo unabaki mkavu, kwa hiyo magugu yanakosa nguvu. Na ukifunika mistari kwa majani makavu, jua halinyonyi unyevu haraka, na tiyo yenyewe haipasuki mapema.

Tatizo letu la kwanza ni maji yenyewe

Sasa nafika mahali ambapo Misisi si sawa na Kenya wala Israeli. Matundu ya tiyo hizi ni madogo kama ncha ya sindano. Maji ya vijito vyetu vingi ni mekundu kwa udongo, kwa sababu juu yake watu wanaosha mchanga wa dhahabu. Ukimimina maji hayo moja kwa moja kwenye pipa, juma halitaisha kabla nusu ya matundu hayajaziba. Utaona shina moja linachanua na jirani yake limelala, utadhani ni mbegu mbaya.

Shangazi alipata dawa yake pole pole. Maji ya jioni anayaacha yatulie usiku kucha kwenye mabidoni. Asubuhi anamimina yale ya juu tu, na matope ya chini anayamwaga. Juu ya mdomo wa pipa anafunga kipande cha kikwembe cha zamani kilichokunjwa mara mbili. Kichujio cha chini ya robine anakifungua na kukiosha kila baada ya siku mbili. Na mara moja kwa juma anafungua ncha za tiyo zote, anaacha maji yakimbie kwa nguvu yabebe uchafu, kisha anazifunga tena. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Asiyeifanya asiseme tiyo ni mbovu.

Lakini kikwembe hakichuji kila kitu. Nawaomba mulisikie hili vizuri. Zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu haionekani kwenye maji, na kuyaacha maji yatulie hakuiondoi. Ni sumu inayoharibu ubongo na mishipa, hasa ya mtoto na ya mimba. Sianidi nayo, pale inapotumiwa, inaua. Kwa hiyo usichote maji ya bustani chini ya mahali wanapooshea dhahabu, na usipande mboga kwenye udongo uliomwagwa kutoka kwenye mashimo, hata kama umelala tambarare na unakuvutia. Panda juu ya machimbo, tafuta chemchemi, au kinga maji ya mvua ya mwisho. Kama kijito chote kimeshaguswa, ni afadhali bustani ndogo ya maji safi kuliko bustani kubwa ya maji yale.

Jambo la pili ni pipa. Sokoni kwetu mapipa yanauzwa, na mengi yametoka machimboni au kwa wauza mafuta. Tulipokwenda kununua, pipa la kwanza tulilooneshwa lilikuwa zuri, la plastiki ya buluu, na bei yake ilikuwa ya huruma. Shangazi akauliza lilibeba nini. Muuzaji akasema limeoshwa. Akauliza tena lilibeba nini. Akasema tena limeoshwa. Tuliliacha pale, tukalipia zaidi pipa lililokuwa la mafuta ya kupikia, ambalo bado lilinuka mawese. Nawashauri mufanye vivyo hivyo. Pipa la dawa ya dhahabu halioshwi likawa la chakula, hata ulisugue kwa mchanga siku saba.

Kwa nini wengine waliacha

Watu wakisikia habari hizi wanauliza haraka: shirika gani linagawa? Naelewa. Lakini tusikie kwanza wenzetu waliopewa walifika wapi.

Mwaka 2005 watafiti wawili, Kulecho na Weatherhead, walichapisha uchunguzi wao juu ya wakulima wadogo wa Kenya waliokuwa wamechukua vifaa hivi vya bei ndogo kisha wakaviacha. Sababu hazikuwa za ajabu. Vifaa havikutunzwa, na maji hayakuwa ya uhakika. Kule Zimbabwe, katika miaka ya 2000, mashirika ya msaada yaligawa vifaa vya matone kwa familia nyingi maskini. Waliorudi baadaye kuangalia walikuta wengi hawavitumii tena. Mtu alipewa tiyo lakini kisima kiko mbali. Kichujio kikipotea, hakuna duka la karibu linalouza kingine.

Nimeona mfano wake hapa kwetu. Shirika moja lilileta tiyo kwa kundi la wamama, wenyeji pamoja na wahami. Waliofundisha walikaa asubuhi moja, wakapiga picha, wakaondoka. Baada ya miezi mitatu, nilipozunguka na kinasa sauti changu, nilikuta tiyo nyingine zimefunga miti ya uzio, nyingine zimepelekwa kwenye mashimo ya dhahabu kupitishia maji. Sikuwalaumu wale wamama. Hakuna aliyewauliza maji yao yanatoka wapi, wala shamba ni la nani.

Shamba ni la nani?

Hilo swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo tusilolisema redioni mara nyingi.

Siku tiyo zilipofika, mimi nilikuwa na furaha kuliko shangazi. Yeye alizigeuzageuza mkononi, akaniambia:

“Mwanangu, hii ni kazi ya mwaka mzima. Na mimi, nani ameniambia kama mwezi ujao bado niko kwenye hii ardhi?”

Alikuwa analima kipande alichokodisha kwa maneno matupu, pembeni ya kijito kidogo kilicho juu ya machimbo. Makubaliano yalikuwa kumpa mwenye shamba sehemu ya mavuno. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Mwezi wa saba, jirani zake walipokuwa wanatazama mashina makavu, nyanya zake zilianza kuwa nyekundu. Wanunuzi walizifuata shambani. Aliuza, akalipa karo ya watoto wawili, akanunua unga na sabuni, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke milimani alinunua kikwembe kipya kwa pesa zake mwenyewe.

Juma lililofuata mwenye shamba alikuja. Alitazama pipa, akatazama mistari, akasema mtoto wake anarudi kutoka machimboni na anataka kulima palepale. Anataka shamba lake mwisho wa mwezi.

Simwiti mwenye shamba mtu mbaya. Naye ana watoto, na ardhi nzuri yenye maji karibu na Misisi inazidi kupungua kila mwaka. Wahami wanaongezeka, wachimbaji wanaongezeka, na mashimo yanakula mashamba. Lakini nyumbani kwetu usiku ule hakuna aliyekula vizuri. Shangazi hakulia. Alisema tu kwamba angekuwa amepanda mihogo, hakuna ambaye angemwona.

Tulikwenda kwa shefu wa mtaa, tukachukua na wazee wawili, mmoja wa upande wa mwenye shamba na mmoja wa kwetu. Hatukwenda kushitaki, tulikwenda kuzungumza. Wazee waliuliza maswali ya zamani: nani alifyeka? Nani alipanda? Kilichopo ardhini kimekomaa au bado? Mwishowe wakakubaliana kwamba aliyepanda avune alichopanda mpaka shina la mwisho, kisha arudishe ardhi. Haikuwa haki yote, lakini nyanya zilizobaki hazikupotea.

Mavuno yalipoisha, shangazi alimwaga maji, akaosha tiyo moja moja, akazikunja kama mtu anayekunja kamba ya mbuzi, akazitia ndani ya gunia. Pipa likabebwa kwa toroli. Alipomaliza alicheka kidogo, akasema mali ya muhami ni ile inayokunjika. Na kweli, kisima hakikunjiki, mfereji hauhami, lakini tiyo hizi zinahama na mwenyewe. Ukikimbia tena, Mungu apishe mbali, gunia lile halizidi uzito wa mtoto mchanga.

Sasa analima kipande kingine, kidogo kuliko cha kwanza. Safari hii kuna karatasi. Imeandikwa kwa mkono, ina misimu miwili, kiasi cha kulipa, sahihi ya shefu, na alama za vidole za mashahidi. Haijatoka kwa mwanasheria, lakini mbele ya wazee karatasi hiyo inasema wakati mwenyewe amenyamaza.

Kwa asiye na tiyo

Wengine mutasema, sisi hatuna hata hizo tiyo. Kuna njia mbili zinazotumia akili ileile ya kupeleka maji kwenye mzizi pole pole.

Ya kwanza ni chupa ya plastiki, zile zinazotupwa kila kona ya mji wetu. Toboa tundu dogo sana kwenye kifuniko kwa sindano ya moto, kata kitako, ichomeke chupa kichwa chini pembeni ya shina, jaza maji. Inashuka pole pole. Chupa ya lita moja na nusu inatosha shina moja la nyanya kwa siku, wakati mwingine mbili, kulingana na jua na udongo. Kwa mashina 30 inafanya kazi vizuri. Kwa mashina 300 utachoka kujaza.

Ya pili ni mtungi wa udongo. Uuchimbie ardhini mpaka shingoni, ujaze maji, uufunike. Mtungi usiopakwa rangi unatoa jasho, na mizizi inafuata jasho hilo yenyewe. Panda mboga kuuzunguka. Hii ni njia ya kale sana katika inchi nyingi kavu za dunia, na kwetu bado kuna wamama wanaojua kufinyanga. Haizibi haraka kama tiyo, ingawa matope mengi yanaweza kuziba vitundu vyake baada ya muda, na haiibiwi ovyo, kwa maana mchimbaji hana kazi na mtungi.

Lusenda, iliyopokea wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 2015, kambi nyingine, na kila mahali familia zinapobanana kwenye kiwanja kidogo, njia hizi mbili zinafaa kuliko kusubiri pipa.

Maneno ya mwisho kwa wanaojiandaa

Kiangazi hakisubiri mtu. Ukitaka kulima kwa matone, anza kujiandaa mvua zikiwa bado zinanyesha. Tembea na jembe lako uone maji yanatoka wapi na yamepita wapi kabla ya kukufikia. Keti na mwenye ardhi, muandike hata mistari mitano, muite shefu na mashahidi wawili. Tafuta pipa ambalo unajua lilibeba nini. Hayo yote hayagharimu dola hata moja, ila muda na heshima.

Na kwenu munaofanya kazi kwenye mashirika, na munaotusoma kutoka Bukavu, Uvira na mbali zaidi: mukija Misisi na tiyo, njooni pia na vichujio vya akiba, na mtu atakayerudi baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu. Kabla ya kushusha mzigo, pitieni kwa wenye ardhi pamoja na wanaoomba kulima. Mama akiwa na uhakika wa misimu miwili, atazitunza tiyo hizo vizuri kuliko yeyote wa kwenu. Akikosa uhakika huo, atapanda mihogo ambayo hakuna mtu atakayemwonea wivu, na watoto wake watakula mihogo hiyo bila mboga mpaka mvua irudi.